Sikilidi Wanapigana Tangini: Wapange Kabla Hawajala Mtaji Wako

Leo tutoke kidogo bwawani tuingie kwenye tangi la kioo. Vijana wanaoanza biashara ya samaki wa mapambo wameongezeka, na wengi wakinipigia simu swali ni lile lile: samaki wanauana, nifanyeje?

Kijana mmoja alinitumia picha za tangi lake kwa WhatsApp. Alikuwa amenunua samaki 14 wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kila mmoja na rangi yake, kama mtu anayechagua vitenge. Baada ya wiki sita alibaki na watano. Wanne wamejibana kwenye kona ya juu, mapezi yamechanika, na mmoja mweusi mwenye mistari ya bluu anatamba tangi zima. Alidhani ni ugonjwa, akanunua dawa. Maji yalipopimwa hayakuwa na tatizo lolote. Samaki tisa waliuawa na mwenzao, na ile dawa ikawa hela nyingine ya kutupa.

Nasema mapema: ugomvi wa hawa samaki hauondolewi na dawa, na mara nyingi hauondolewi hata na tangi kubwa peke yake. Unapangwa kabla hujanunua. Ukishachanganya vibaya, unabaki kuhesabu mizoga.

Ni ndugu wa sato

Sikilidi ni jamii kubwa ya samaki. Sato na perege wamo humo. Furu wa Ziwa Victoria wamo, kuhe wa Kigoma yumo, na mbuna wa Ziwa Nyasa nao wamo. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Nyasa lina mamia. Wazungu wanawafuga sebuleni miaka mingi sasa, na utamkuta Mjerumani anaitaja Ikola au Maswa kwa jina la samaki wakati sisi wenyewe wengi hatujui hivyo vijiji viko upande gani wa ziwa.

Kama umewahi kufuga sato, tabia hii unaijua tayari. Ukikausha bwawa unaona chini mashimo ya duara kama sahani. Hayo ni ya madume. Kila dume anachimba lake na kulilinda, jike anakuja anataga hapo, anayabeba mayai mdomoni na kuondoka zake. Dume mwingine akikatiza anafukuzwa. Lakini bwawani anayefukuzwa ana pa kwenda. Anasogea mita tatu, ugomvi umekwisha. Kwenye tangi la sentimita 120 hizo mita tatu hazipo. Mshindwa anakimbia, anagonga kioo, anageuka, anakutana tena na yule yule. Kwa mbabe hiyo inaonekana kama jeuri: huyu nimemfukuza na bado yupo! Anampiga tena. Siku ya tatu mnyonge hali chakula, siku ya kumi amekufa.

Kwa hiyo samaki wako hana roho mbaya. Anafanya anachofanya mwambani ziwani, ila huku mwenzake hana njia ya kutokea.

Wanagombea nini hasa

Vitu vitatu: eneo, jike na cheo. Chakula kinachangia kidogo, ingawa wengi wanadhani ndicho chanzo. Unaweza kuwashibisha mpaka wakavimba na bado wakauana.

Eneo ni pango, jiwe, shimo la mchanga au kombe la konokono. Dume mwenye eneo anapata jike, asiye na eneo hapati. Ndiyo maana ugomvi unakuwa mdogo samaki wakiwa vifaranga, halafu siku madume yanapopevuka tangi linageuka uwanja wa vita. Mtu ananiambia, "Afisa, walikuwa wanaelewana vizuri kabisa miezi minne." Ni kweli, walikuwa watoto.

Tena dume hamchukii kila mtu sawasawa. Anayemchukia zaidi ni wa aina yake, kisha anayefanana naye kwa rangi au umbo, maana huyo ndiye mshindani wake kwa majike. Samaki wa njano anamvumilia wa bluu kuliko wa njano mwenzake. Hii ukiishika itakusaidia sana mbele.

Kuhusu cheo, kuna samaki mmoja mdogo wa Ziwa Tanganyika na mito inayoingia humo, anaitwa Astatotilapia burtoni, ambaye wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford wamemchunguza miaka mingi. Dume mnyonge wa aina hii anafifia rangi anaonekana kama jike. Ukimwondoa mbabe, ndani ya dakika chache mnyonge anawaka rangi na kuanza kufukuza wenzake. Mwaka 2007 walionyesha jambo jingine katika jarida la Nature: dume aliyekuwa pembeni anatazama wenzake wakipigana aliweza kujua nani ni mkubwa kwa nani, hata kwa wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana wenyewe kwa wenyewe. Yaani samaki anapiga hesabu: huyu kampiga yule, yule kampiga huyu mwingine, basi huyu mwingine ni mnyonge wa huyu wa kwanza pia.

Kwa mfugaji maana yake ni hii. Ukimtoa mbabe hujamaliza ugomvi, umefungua uchaguzi. Na samaki akishapigwa mbele ya wenzake, wote wanajua, hivyo hapigwi na mmoja tena, anapigwa na kila mtu.

Nani akae na nani

Hapa ndipo nataka ukae sana, kwa sababu ndipo pesa inapotea au kubaki.

Mbuna wa Nyasa ni samaki wa miambani wanaokwangua mwani kwenye mawe. Wana rangi kali na wanauzika haraka. Ni wagomvi, lakini wanatofautiana. Melanochromis auratus, yule mweusi mwenye mistari wa kwenye picha ya kijana wetu, ni kati ya wakali kuliko wote. Dume lake likipevuka halifai kukaa na samaki wapole hata kidogo. Labidochromis caeruleus, wa njano mwenye ukingo mweusi kwenye pezi la mgongoni, ni mtulivu ukilinganisha na mbuna wengine, na ndiye ninayemshauri anayeanza. Kanuni ya mbuna ni dume mmoja kwa majike watatu hadi wanne wa aina hiyo hiyo. Ukiweka dume na jike mmoja, jike atasumbuliwa usiku na mchana mpaka afe. Majike wakiwa wengi usumbufu unagawanyika.

Utawapataje kwa uwiano huo wakati vifaranga hawatofautishwi? Nunua vifaranga sita hadi wanane wa aina moja, walee pamoja, na wakianza kuonyesha rangi za utu uzima ondoa madume ya ziada moja baada ya jingine. Usisubiri vita ikusaidie kuchagua.

Aulonocara nao ni wa Nyasa, lakini wanaishi karibu na mchanga na ni wapole kuliko mbuna. Madume yana rangi za kupendeza sana, majike ni ya kijivu tu. Ukiwachanganya na mbuna wakali watafifia, hawatapata nafasi ya kula, na hutawauza. Wape tangi lao.

Sasa Tropheus wa Tanganyika. Huyu ndiye anayewavutia vijana kwa sababu ana thamani, na ndiye anayewatoa machozi. Kimo chake ni kidogo, sentimita 12 hivi, lakini ukiweka wanne au watano tangini, mkubwa anamaliza mmoja, kisha wa pili, mpaka anabaki peke yake. Ukiwaweka 15 hadi 20 kwenye tangi la kuanzia sentimita 120, wakiwa wa kundi moja waliokua pamoja, ugomvi unasambaa kwa wengi na hakuna anayeshikwa mmoja akaonewa hadi kufa. Waingize wote siku moja. Kumwongeza mmoja baadaye kwenye kundi lililokwisha jipanga ni sawa na kumtupa.

Halafu kuna tumbo. Tropheus ana utumbo mrefu wa mla mwani. Ukimlisha chakula chenye protini nyingi, kama kile cha vifaranga vya kambale, anavimba tumbo, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, anaacha kula, anakufa. Na anayeanza kuvimba mara nyingi ni yule anayeonewa, kwa sababu mwili wake umeshachoka. Kwa hiyo ugomvi na ugonjwa vinatembea pamoja. Hii pia inakuambia kwamba huwezi kumweka Tropheus na samaki wanaohitaji chakula cha nyama, hata kama hawapigani. Kukaa pamoja si suala la meno tu, ni suala la sahani pia.

Wale wa kwenye makombe, mfano Neolamprologus multifasciatus, ni wadogo ajabu. Dume hafiki sentimita tano. Ziwani wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kila samaki na kombe lake. Tangi la lita 60 linatosha koloni zima. Weka mchanga wa kina cha sentimita tano au zaidi, maana wanachimba, na makombe mengi kuliko samaki. Watapigana, lakini kila mmoja analinda duara dogo tu, na mshindwa anaingia kwenye kombe lake mlango ukafungwa. Kwa kijana anayeishi chumba kimoja cha kupanga na anataka kuanza na mtaji mdogo, mimi ningeanza na hawa kabla ya wengine wote.

Neolamprologus brichardi anahitaji onyo. Ni mzuri, mwenye mapezi marefu, na wana tabia ya ajabu: watoto wakubwa wanawasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Lakini jozi ikishazaa, ukoo unapanuka na kudai tangi robo, nusu, kisha lote. Wengine waliomo wanasukumwa kwenye kona na kuuawa. Wafuge peke yao.

Julidochromis wanaishi jozi kwenye nyufa za mawe. Jozi ikielewana usiiguse, wala usihamishe mawe yao. Kuna jozi nyingi zimevunjika na mmoja kumuua mwenzake kwa sababu tu mwenye tangi alipanga mawe upya.

Na Cyphotilapia frontosa, yule mwenye nundu kichwani na mistari mipana: anakua kupita sentimita 30, anakwenda taratibu, anaonekana mpole kama mzee wa baraza. Usidanganyike. Usiku anameza samaki wote wanaoingia mdomoni. Wenzake wawe wakubwa.

Swali ambalo naulizwa mara kwa mara ni kama mtu anaweza kumweka Oscar na hawa. Oscar ni sikilidi wa Amerika Kusini, chakula chake ni kingine na maji yake ni mengine. Hawa wetu wanataka maji magumu yenye pH ya juu, kwa Tanganyika kuanzia karibu 8.5 hadi 9, na kwa Nyasa kati ya 7.8 na 8.5 hivi. Usiwachanganye.

Machotara hawauziki

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kama mzoga. Wanaoelewana sana tangini wanaweza kuzaliana hata kama ni wa aina tofauti. Aulonocara wa aina mbili watakupa machotara. Yule wa njano, Labidochromis caeruleus, na Maylandia estherae wa rangi ya chungwa wanachanganyika pia. Vifaranga watakuwa hai na wenye afya, lakini mnunuzi anayejua hatawachukua, na asiyejua utamwuzia mara moja tu.

Kwa Tropheus ni kali zaidi, kwa sababu thamani yao inatokana na mahali. Yule wa Ikola mwenye mkanda mpana wa njano, yule mwekundu wa Moliro upande wa Congo, duboisi wa Maswa: kila ghuba na miamba yake ina rangi yake. Ukiweka wa sehemu mbili kwenye tangi moja, kizazi cha kwanza tu kimeshapoteza jina. Andika kwenye kila tangi samaki wametoka wapi na lini, na usimwamini muuzaji anayekuambia "hao wote ni Tropheus tu."

Na machotara usiwamwage mtoni wala ziwani. Tulishaona sangara alivyoingizwa Ziwa Victoria na furu wengi wakatoweka. Pia kuvua samaki wa mapambo ziwani kwa biashara kuna leseni yake. Pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya yako kabla hujanunua wavu.

Kujaza tangi: inafaa, lakini si kwa kila mtu

Utasikia kwamba dawa ya ugomvi wa mbuna ni kujaza samaki wengi ili mbabe ashindwe kumshika mmoja. Ni kweli kabisa kwamba inafanya kazi. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 ni lita 270, ukitoa mawe na mchanga unabaki na kama 220, na wafugaji wengi wa nje wanaweka humo mbuna 20 hadi 25.

Lakini fikiria umeme wetu. Samaki 25 kwenye tangi hilo wanategemea chujio na pampu ya hewa kila dakika. Umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi asubuhi, hewa imekwisha, amonia imepanda, umepoteza tangi zima kwa usiku mmoja. Mbabe angekuulia watatu. Kama huna pampu ya hewa ya betri au sola, usijaze. Weka 12 hadi 15 wa aina mbili zisizofanana, majike yawe mengi, na mawe yafanye kazi iliyobaki. Ukijaza, ujue pia unabadilisha maji theluthi moja kila wiki bila kukosa, na maji ya bomba uyatoe klorini kwanza.

Joto nalo linachochea. Samaki kwenye maji ya nyuzi 29 ana mwendo wa haraka, anataka kuzaa, anagombana, na hewa kwenye maji ya moto ni kidogo. Lenga 24 hadi 26. Dar mwezi Januari utahitaji kivuli na feni ya kupuliza juu ya maji, wakati wa Mbeya na Iringa watahitaji hita.

Mawe yanagawanya mashamba

Panga mawe kama mtu anayepima viwanja. Lundo moja katikati ni kosa, maana linakuwa ikulu ya mmoja. Weka malundo matatu au manne yaliyotengana, kila moja na mapango mengi, na mapango yawe na milango miwili ili anayekimbizwa atokee upande wa pili. Ukikaa kwenye usawa wa samaki upande wa kushoto, usiweze kuona mpaka kulia. Mbabe asichokiona hakimuudhi. Kwa mbuna mawe yapande juu kuelekea uso wa maji, ili hata wa juu apate pa kujificha.

Jambo la usalama: mawe yatangulie, yakae chini kwenye kioo juu ya kipande cha plastiki au sponji ngumu, ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga watachimba chini yake, lundo litaanguka, na kioo cha chini kikipasuka lita 200 za maji zinakwenda kwa jirani. Mawe yakikosekana, vipande vya vyungu na mabomba ya plastiki yanafaa vizuri. Si mazuri kwa macho ya mteja, lakini kwenye tangi la kuzalisha mteja haingii.

Kumwingiza mgeni

Mgeni akae kwanza kwenye tangi la pembeni wiki tatu au nne, ujue kama ana ugonjwa na apate nguvu. Siku ya kumwingiza, lisha wenyeji kwanza. Kisha hamisha mawe, badilisha ramani yote, ili wote waanze upya bila mwenye hati ya kiwanja (isipokuwa kwa zile jozi nilizosema). Ingiza wageni watatu au wanne kwa pamoja, wasiwe wadogo kuliko wenyeji, na zima taa mpaka asubuhi. Mgeni mmoja mdogo ndani ya tangi lenye wenyewe, mchana, taa inawaka: hapo umepeleka chakula.

Jike lenye mayai mdomoni linahitaji mpango wa peke yake. Mbuna anabeba kwa wiki tatu hivi, Tropheus karibu wiki nne, na muda wote huo anakula kidogo sana au hali kabisa. Ukimhamisha siku za mwanzo anaweza kuyameza au kuyatema. Mhamishe kwa utulivu siku chache kabla ya kutoa vifaranga. Akishatoa, usimrudishe siku hiyo hiyo. Mpe wiki moja au mbili ale, arudishe mwili. Jike dhaifu likirudi linapokelewa kama mgeni, na lina nguvu nusu.

Ugomvi wa kawaida na wa kuua

Usiogope kila mbio. Dume kumfukuza mwenzake hatua mbili na kurudi kwake ni kawaida. Kutanuliana mapezi, kutikisiana mikia, hata kushikana midomo na kusukumana, hayo ni mazungumzo yao, na yakiisha bila damu waache.

Cha kuogopa ni mbabe anayetoka kwenye eneo lake na kumfuata mmoja tangi zima. Cha kuogopa zaidi ni samaki aliyesimama karibu na uso wa maji kwenye kona, nyuma ya hita au bomba la chujio, rangi imekuwa nyeusi, mapezi yamebanwa, anapumua haraka, na chakula kikimwagwa hasogei. Huyo usimpe mpaka kesho. Kaa dakika 10 mbele ya tangi kila siku wakati wa kulisha, uhesabu. Mwaga chakula sehemu mbili au tatu kwa mara moja, kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, maana mbabe hawezi kulinda pande zote.

Mnyonge mtoe, apone kwenye tangi la pembeni. Lakini ukimtoa yeye peke yake, kesho mbabe anachagua mwingine. Kwa hiyo mbabe naye atolewe. Kama huna tangi la pili, mfunge humo humo ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu kinachoelea, au kata kona kwa ubao wa plastiki uliotobolewa. Siku saba hadi kumi. Wenzake watapangana upya, na akirudi baada ya mawe kuhamishwa, atarudi kama mgeni na si kama mwenye nyumba.

Wapo ambao hawabadiliki. Dume likirudi mara ya pili na kuanza upya, usilitupe na usimpe mtu bila kumwambia lilivyo. Madume yana rangi kuliko majike, na kuna soko lake: tangi la madume matupu. Hoteli au ofisi inayotaka tangi la mapokezi haihitaji vifaranga, inahitaji rangi. Chukua Aulonocara na wenzao wa ukubwa huo, dume mmoja kwa kila aina, pasiwe na wawili wa rangi moja, na asiwepo jike hata mmoja, kwa sababu jike akiingia tu amani imekwisha. Mbuna mkali kama auratus huyo hafai huko. Muuze kwa mwenye tangi la mbuna wakali na majike yake manne, au abaki kwako kama dume la mbegu kwenye tangi lake mwenyewe.